Maswali ya Wasomaji: Wataalamu wa Nje Wakiondoka, Shambani Hubaki Nini?

Toleo lililopita liligusa kwa ufupi miradi ya kilimo inayogharamiwa na serikali za nje, na barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tunazijibu sita kati ya hizo. Zile ndefu tumezifupisha bila kubadilisha hoja za waandishi wake.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mara tunasikia kwamba serikali fulani ya nje imetoa mabilioni kwa ajili ya msaada wa kitaalamu katika kilimo, lakini sisi wakulima hatuzioni fedha hizo wala hatujui zinaishia wapi. Je, ni mkopo ambao watoto wetu wataulipa, au ni zawadi? Na kwa nini tuletewe watu badala ya fedha? *Msomaji, Kahama*

JIBU: Ndugu msomaji, fedha za serikali za nje huja kwa njia tatu, na magazeti mara nyingi huzichanganya. Iko mikopo ya masharti nafuu, yenye riba ndogo na muda mrefu wa kulipa, ambayo kwa kawaida hujenga mabwawa, mifereji na barabara. Hiyo kweli watoto wetu watailipa. Iko misaada isiyolipwa, ambayo hununua mitambo au kujenga majengo. Njia ya tatu ni msaada wa kitaalamu, ambao haulipwi, lakini fedha zake aghalabu haziingii katika hazina yetu, kwa sababu nchi inayotoa hulipa yenyewe mishahara ya wataalamu wake, nauli, magari, vifaa vya kufundishia, na gharama za kuwapeleka watumishi wetu masomoni. Ndiyo maana mkulima husikia mabilioni asiyoyaona.

Utaratibu huu ulipata nguvu baada ya tarehe 20 Januari 1949, siku ambayo Rais Harry Truman wa Marekani, katika hoja ya nne ya hotuba yake ya kuapishwa, alitaka nchi yake igawane ujuzi wake wa kisayansi na nchi maskini. Shirika la misaada la Marekani, USAID, likaundwa mwaka 1961, lile la Japani, JICA, mwaka 1974, na mwaka 1976 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likaanzisha mpango wake wenyewe wa ushirikiano wa kitaalamu, ambao hugharamiwa na michango ya nchi wanachama, na kila mradi mmoja chini ya mpango huo hauzidi dola 500,000. Haya yote yatofautishwe na msaada wa chakula, ambao Marekani iliuwekea sheria yake mwaka 1954 ili nafaka ya ziada ya wakulima wake ipelekwe nje. Nafaka hiyo huokoa maisha wakati wa njaa, lakini haimfundishi mtu yeyote kulima.

Lalamiko lako lina haki ndani yake. Sehemu kubwa ya fedha za msaada wa kitaalamu hurudi zilikotoka kwa njia ya mishahara na mikataba ya makampuni ya ushauri, na hilo linajulikana hata kwa wanaozitoa. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo wakulima hawaliulizi vya kutosha. Karibu kila mkataba wa namna hii huitaka serikali yetu nayo itoe sehemu yake: maafisa wa kufanya kazi bega kwa bega na wageni, ofisi, ardhi, mafuta ya pikipiki, na bajeti ya kuendelea mradi ukiisha. Sehemu hiyo ndiyo huchelewa, ndiyo hupunguzwa kwanza, na ndiyo huamua kama kuna kitakachobaki. Ukimwona diwani au mbunge wako, muulize kuhusu hiyo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana mkulima wa mpunga na katibu wa umoja wa wamwagiliaji. Maafisa wetu wanatuhimiza twende Moshi tukajifunze kilimo cha mpunga kilicholetwa na Wajapani, lakini mzee mmoja wa hapa aliyewahi kufika huko anasema skimu ile iliishiwa maji. Tumwamini nani? *Msomaji, Mbarali*

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Maafisa wako na mzee wako wote wamesema kweli, na kisa cha Moshi kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu kinakuhusu wewe wa Mbarali kuliko unavyodhani.

Katika miaka ya 1970 serikali yetu iliomba nchi mbalimbali zisaidie kuandaa mipango ya maendeleo ya mikoa. Tanga ilisaidiwa na Ujerumani Magharibi, Arusha na Marekani, na Kilimanjaro ikawa chini ya Japani. Wajapani walianza kwa utafiti na mashamba ya majaribio, wakashirikiana nasi kufungua kituo cha kuendeleza kilimo, na mwaka 1987 ujenzi wa skimu ya Lower Moshi ukakamilika kwa mkopo wa Japani. Skimu ilikuwa na hekta zipatazo 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilipangiwa mpunga kwa maji ya mito ya Njoro na Rau. Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria ni miongoni mwa vijiji vilivyoingia humo.

Mkopo ulijenga mabanio ya kuchepusha maji ya mto na mifereji, na wataalamu wakafundisha namna ya kuvitumia. Walifundisha kusawazisha majaruba ili maji yakae kwa kina kimoja, kutunza kitalu, kupandikiza miche ikiwa bado michanga na kwa mistari, kuweka mbolea kwa wakati wake, kupalilia kabla magugu hayajashinda, na kugawana maji kwa zamu. Mbegu iliyotumika zaidi ilikuwa IR54, iliyotoka katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga huko Ufilipino. Mavuno yaliyokuwa kama tani mbili kwa hekta yakafika tani sita. Mkulima aliyezoea kuvuna magunia machache kwa kutegemea mvua alikuwa sasa anavuna mara tatu yake.

Matatizo yalianzia katika mafanikio hayo hayo. Wakulima walioishi juu ya mabanio, ambao wapangaji wa mradi hawakuwahesabu, waliona faida hiyo wakaanza kulima mpunga kwa mbegu ile ile na mbinu zile zile, wakitumia mifongo, yaani mifereji yao ya asili. Hakuna aliyewafundisha. Walijifunza kwa kutazama na kwa kufanya vibarua katika mashamba ya skimu. Ukipima mradi kwa jinsi ujuzi ulivyoenea, ulifanikiwa kupita matarajio. Lakini maji ya mto Rau yalikuwa yakipungua kabla ya kulifikia banio, na eneo lililopandwa mpunga ndani ya skimu likashuka sana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Skimu ilikuwa na kibali cha maji kwenye karatasi. Ni nani, hata hivyo, angemzuia mkulima wa juu ambaye babu yake alikuwa akichota maji ya mto huo huo kabla mpimaji wa kwanza hajafika? Chini zaidi nako kulikuwa na mahitaji, maana maji hayo huelekea bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya bonde la Pangani. Ofisi ya maji ya bonde hilo ilianzishwa mwaka 1991, wakati skimu ilikuwa imekwisha kujengwa na ugomvi umekwisha kuanza.

Mimi siwalaumu wakulima wa juu. Ninaona kwamba kosa lilikuwa katika ramani: mpango ulichorwa kwa kufuata mipaka ya skimu, wakati maji hufuata mipaka ya mto. Wataalamu waliokuja walikuwa hodari wa mpunga na wa zege, lakini suala la nani ana haki ya maji haliwezi kutatuliwa na mgeni wa miaka mitatu, hata awe hodari namna gani. Hilo lilikuwa letu, na tulilichelewesha. Uendeshaji ulipobaki kwa serikali na wakulima wenyewe kupitia ushirika wao, CHAWAMPU, matrekta yaliyoletwa na mradi nayo yalikuwa yanazeeka, na ada za huduma zikawa mzigo wa kubishaniwa kila msimu.

Kwa nini basi maafisa wako wanakutuma huko? Kwa sababu ya kituo cha mafunzo cha Chekereni, KATC, kilichoanza kazi kwa sura yake ya sasa mwaka 1994. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, msaada ule ulipozaa matunda ya kudumu. Kituo kilitengeneza utaratibu wa mafunzo unaowaleta wakulima wachache waliochaguliwa na wenzao wakae bwenini na kufanya kila hatua kwa mikono yao, kisha warudi kwenye skimu yao kuwafundisha wengine, na wakufunzi huwafuata huko huko ili mafunzo yaendelee katika majaruba ya wakulima wenyewe. Kuanzia mwaka 2007 utaratibu huo ulienezwa na mradi wa TANRICE kwa kutumia pia vyuo vya kilimo vya Igurusi, Ilonga na Ukiriguru. Wakufunzi ni Watanzania walioajiriwa na wizara yetu, baadhi yao wakiwa wamesoma Tsukuba nchini Japani, na hawaondoki mkataba wa mgeni unapoisha. Mwaka 2008, katika mkutano wa Japani na Afrika huko Yokohama, Japani na washirika wake walizindua mpango wa kuongeza maradufu uzalishaji wa mpunga katika Afrika kusini mwa Sahara, kutoka tani milioni 14 hadi milioni 28 ifikapo mwaka 2018, na mengi kati ya mambo ambayo mpango huo ulihitaji yalikuwa yamekwisha kufanyiwa majaribio Chekereni. Hata mbegu imekuwa yetu, kwa kuwa SARO 5 inayopendwa leo kwa harufu na mavuno yake imetokana na kazi ya watafiti wa hapa nchini.

Nendeni Moshi, au kwa karibu zaidi nendeni Igurusi. Jifunzeni kusawazisha majaruba, kwa sababu jaruba lililosawazishwa hutumia maji machache. Lakini kabla ya kuongeza hata ekari moja, umoja wenu ukutane na jumuiya ya watumia maji, ambayo sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inaitambua, mkahesabu walio juu ya banio lenu na walio chini yake. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi tangu mwaka 1993, na walio chini yenu ni hifadhi ya Ruaha na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Ninyi wa Usangu ndio mlio juu.

SWALI: Mwanangu Mhariri, nilipokuwa msichana tuliweka mahindi na magunzi yake darini, moshi wa jikoni ukayatunza. Kisha akaja dumuzi, tukaambiwa tupukuchue na kuchanganya dawa ya vumbi. Sasa mkwe wangu amenunua mifuko yenye matabaka matatu, naye anasema dawa haihitajiki tena. Kila anayekuja ana neno lake. Haya maneno yanatoka wapi, na nishike lipi? *Mama mkulima, Kongwa*

JIBU: Shikamoo mama. Kila neno uliloambiwa lilikuwa sahihi kwa wakati wake, na kwa kuwa umeuliza yalikotoka, nitaanzia hapo.

Dumuzi si mdudu wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa Afrika alitambuliwa kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadhi ya watu walimwita Skania kwa sababu alisafiri na malori ya mahindi. Fukusi tuliyemzoea alikuwa akila kidogo kidogo, lakini dumuzi aliweza kuharibu hadi theluthi ya mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi michache, na makopa ya muhogo hakuyaacha. Yeye hupenda kutoboa punje ikiwa imeshikwa barabara kwenye gunzi, na kwa hiyo dari yako ya zamani, iliyokuwa salama kwa fukusi, ikawa makao mazuri kwake.

Serikali ya Uingereza na FAO walileta wataalamu wa hifadhi ya nafaka wakafanya kazi na maafisa wetu. Waligundua kwamba dawa ya vumbi iliyokuwapo ilimuua fukusi lakini haikumtosha dumuzi, na kwamba kiuatilifu cha permethrini kilimweza dumuzi lakini kilikuwa dhaifu kwa fukusi. Ndipo viuatilifu viwili vikachanganywa katika vumbi moja, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la Actellic Super, na kampeni ya kupukuchua mahindi ikaanza, kwa sababu dawa haiwezi kuenea vizuri kwenye mahindi yenye magunzi. Baadaye wataalamu wa serikali ya Ujerumani nao walileta kutoka Amerika ya Kati mdudu mwingine anayemla dumuzi, akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Alisaidia kupunguza dumuzi wa porini, lakini hakuweza kulinda ghala la mtu mmoja mmoja.

Mifuko ya mkwe wako ina safari ndefu zaidi. Ilibuniwa kaskazini mwa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliogharamiwa na serikali ya Marekani. Mifuko miwili ya nailoni ya ndani hufungwa mmoja baada ya mwingine, mdudu aliyemo humaliza hewa iliyobaki, kisha hukoma kula na kufa. Hakuna sumu inayohitajika. Mkwe wako amesema kweli, mama, ila naomba usimamie mambo machache nyumbani. Mahindi yakauke sawasawa kabla ya kufungwa: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, na chumvi ikiganda kwenye chupa basi anikeni tena. Mfuko usifunguliwe kila siku kwa ajili ya kupika. Tengeni mfuko mmoja wa matumizi na mingine iachwe. Panya asipate nafasi, kwa maana tundu moja huharibu kazi yote. Ambaye hana uwezo wa kununua mfuko bado anaweza kutumia vumbi, kwa kipimo kilichoandikwa na bila kupita tarehe yake, wala kamwe asitumie dawa ya kupulizia shambani.

Liko jambo ambalo mfuko hauliwezi, nalo ni sumukuvu. Kuvu ikishaingia kwenye mahindi shambani au wakati wa kukausha, sumu yake haitoki kwa kufungwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo, na huko Kenya mwaka 2004 walifariki watu 125. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasianikwe kwenye udongo mtupu, na yaliyovunda yatengwe wala wasipewe kuku.

SWALI: Mhariri mpendwa, kikundi chetu cha wakulima wa mboga kiliingizwa katika mpango wa SHEP, lakini wengine wamejitoa wakilalamika kwamba hatukupewa mbegu, mbolea wala hata jembe. Huo ni msaada gani usiotoa chochote? *Msomaji, Bungoma, Kenya*

JIBU: Ndugu msomaji, mpango wenu uliundwa hivyo kwa makusudi, na kaunti yenu iko katika maeneo ulikozaliwa. Mwaka 2006 Wizara ya Kilimo ya Kenya na JICA walianza kazi na wakulima wadogo wa mboga na matunda wa Bungoma, Trans Nzoia, Kisii na Nyandarua. Badala ya kuanza na pembejeo, walianza na soko. Wakulima wenyewe huenda sokoni na karatasi ya maswali, wakawauliza wafanyabiashara ni zao gani linakosekana, mwezi gani bei hupanda, nyanya za ukubwa gani hukataliwa, na malipo hufanywaje; kisha hurudi kijijini, wakachagua mazao na kupanga tarehe ya kupanda kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka mwezi wa bei nzuri. Mafunzo ya kilimo hufuata baadaye, na huwa ya zao walilolichagua wao.

Mume na mke hufundishwa pamoja, wakapanga shamba kama washirika wa biashara moja. Hilo nalipenda kuliko yote. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayejua hali ya shamba na baba ndiye anayeshika fedha, na mpango usiowakalisha pamoja huishia kuongeza mavuno bila kuongeza sare za shule. Mradi wa kwanza ulipofungwa mwaka 2009, mapato ya vikundi vilivyoshiriki yalikuwa yameongezeka kiasi cha mara mbili, serikali ya Kenya ikauingiza katika kazi zake za kawaida, na baada ya mkutano wa mwaka 2013 kati ya Japani na Afrika utaratibu huo ukaenea katika nchi nyingi za bara hili. Tanzania iliupokea mwaka 2019 katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Tanga, kwa hiyo safari hii sisi ndio tuliojifunza kwa jirani.

Waliojitoa nawaelewa. Wamezoea miradi inayogawa mbolea msimu wa kwanza na kutoweka msimu wa tatu. Waambie warudi angalau kwa ajili ya ile safari ya sokoni, kwa maana orodha ya wanunuzi mtakayoipata huko itaendelea kuwa mali yenu.

SWALI: Kwako Mhariri. Nilihitimu kilimo Morogoro na nikaajiriwa katika mradi wa mahindi na mikunde uliogharamiwa na serikali ya nje. Mwanzoni mwa mwaka 2025 tuliletewa taarifa ya kusimamisha kazi siku ile ile. Wakulima wangu wananipigia simu hadi leo kuuliza kuhusu mashamba darasa, nami sina la kuwajibu. Je, misaada ya aina hii imekwisha? Na sisi tuliosomea kazi hii tufanye nini? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Umeumia wewe, na wakulima wako wameumia pia, maana msimu hausubiri barua.

Kilichotokea Marekani kinajulikana. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya nchi hiyo iliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo likakoma kusimamia misaada, shughuli zilizosalia zikahamia wizarani kwake. Amri ile ilitolewa siku na mwezi ule ule wa hotuba ya Truman, baada ya miaka 76. Hata mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa, FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya njaa kuu ya Ethiopia, ulinyamaza kwa miezi kadhaa kabla ya kurejea kazini. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027.

Kwa hiyo misaada haijakwisha, lakini imepungua, na sioni dalili kwamba itarudi ilivyokuwa. Japani inaendelea, FAO inaendelea, na China ina kituo chake cha Dakawa kilichofunguliwa mwaka 2011, pamoja na walimu wa chuo kikuu chake cha kilimo wanaowafundisha wakulima wa Kilosa kupanda mahindi kwa nafasi ndogo zaidi ili shamba libebe mimea mingi. Ila hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kujaza nafasi iliyoachwa, wala si wajibu wao kuijaza.

Wajibu huo ni wetu. Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na nchi nyingi hazijafika hapo. Kwetu, bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na hatua hiyo naipongeza kwa moyo wote. Lakini kata nyingi bado zina afisa ugani mmoja anayehudumia vijiji kadhaa. Huko ndiko ujuzi wako unakohitajika. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki katika miaka ya 1970. Nchi hizo ziliondoka zamani, lakini watafiti wa Uyole wanaendelea kutoa mbegu za maharage na mahindi kwa sababu mishahara yao iliingizwa katika bajeti ya serikali yetu. Mradi wako haukufika hatua hiyo, na hilo si kosa lako.

Kwa sasa fanya haya. Omba kwa mwajiri wako wa zamani ruhusa ya kukabidhi kumbukumbu za mashamba darasa, yaani aina za mbegu, tarehe za kupanda na mavuno, kwa afisa kilimo wa halmashauri na kituo cha utafiti cha Ilonga, ili misimu mliyopima isipotee. Wakulima wanaokupigia simu waunganishe na afisa ugani wa kata yao kwa jina na kwa namba, na ikiwezekana nenda naye siku ya kwanza. Pia fuatilia nafasi za ajira za halmashauri, na usione haya kukusanya vikundi vichache vinavyoweza kukulipa kwa ushauri wa msimu. Wakulima wa mboga wa Kaskazini wamekuwa wakiwalipa washauri wao kwa miaka mingi.

SWALI: Mhariri, mtu mmoja amekuja kijijini kwetu akisema anaandikisha vikundi vitakavyopata wataalamu na matrekta kutoka serikali ya nje, na kila mwanakikundi atoe ada ya shilingi elfu ishirini. Tutoe? *Msomaji, Handeni*

JIBU: Msitoe. Msaada wa kitaalamu wa serikali kwa serikali huombwa na wizara zetu, huidhinishwa kwa makubaliano yanayotiwa saini, na hushuka kwenu kupitia halmashauri. Hakuna mkulima anayelipa ada ya kuandikishwa, wala wakala wa binafsi anayekusanya fedha kwa niaba ya JICA, FAO au ubalozi wowote. Kama kikundi chenu kinahitaji mafunzo, andikeni muhtasari wa kikao unaoeleza zao lenu, ukubwa wa shamba na tatizo mnalotaka kutatuliwa, mkaupeleke kwa afisa ugani wa kata pamoja na nakala kwa mtendaji wa kijiji. Mtu huyo mwombeni barua ya utambulisho kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Asipokuwa nayo, toeni taarifa polisi kabla hajahamia kijiji kinachofuata.